Anayeitika Chini ya Sakafu

Ukimwita mtoto mmoja, huitika mmoja. Siku ile adhuhuri Ndaya alimwita mwanawe Muteba aje kula, akaitikiwa kutoka saloni, "Eyo." Akaingia saloni na sahani ya bukari, ugali wa kwao, mkononi, na saloni hamkuwa na mtu. Mtoto mwenyewe alikuwa nje langoni akitazama malori ya madini yakipita, mdomo umejaa muwa, vumbi limemtia mvi kabla hata hajaanza shule.

Ndaya alisimama palepale na sahani yake. Muteba wake hakuwa na desturi ya kusema "eyo". Hilo ni neno la wazee wa Kasai, na mtoto huyu akiitwa hupiga kelele "Mama!" kisha haji. Tena sauti ilikuwa ya mtu mzima, kavu, ya mtu aliyeamshwa. Akajiambia ni redio ya jirani. Redio ya jirani iliharibika tangu Pasaka na Ndaya alilijua hilo, lakini mtu anayetaka kudanganywa hahitaji mwongo hodari.

Kisha ikaja harufu. Kilikuwa kiangazi, vumbi la Kolwezi limeingia mpaka kwenye chumvi, na bado kona ya saloni yenye kabati ilinuka udongo mbichi, udongo wa chini uliofukuliwa sasa hivi. Katika mtaa ule hakuna asiyeijua harufu hiyo. Watu walikuwa wamevunja sakafu za vyumba vyao vya kulala wakitafuta kobalti, wakafunika mashimo kwa turubai, na usiku wakalala pembeni yake wakiomba mtoto asikojoe mle. Nyumba moja tu haikuwa na shimo, nayo ni hii ya marehemu Tshilombo, alimoolewa Ndaya.

Mwenye kukataza alikuwa mama mkwe wake, Mama Mbelu, mjane wa Tshilombo, mwanamke wa maneno machache kanisani na mengi jikoni. Glodi, mwanawe, mume wa Ndaya, aliwahi kulileta wazo la kuchimba mezani. Mama akasukuma sahani, akakaa na njaa siku nzima, na kabla wiki haijaisha akamwita fundi amwage saruji nyingine juu ya saruji ya zamani. "Nyumba ya baba mukwe wangu habaichimbe," alisema. Mtaa ukamcheka kwamba analalia utajiri na kuota mihogo. Ndaya naye alicheka, kwa siri, jikoni.

Baba mkwe huyo wa Mama Mbelu ndiye aliyekuwa fahari ya ukoo. Aliitwa Muteba, mtu wa Kasai, aliyekuja kuchimba manganizi kule Kisenge na baadaye shaba hapa Kolwezi. Waluba wa Kasai wana kasala, sifa za ukoo zinazotongolewa harusini na msibani, jina juu ya jina, na Mama Mbelu alikuwa bingwa wake. Alimwogesha mjukuu kwa kasala. Na kwa kuwa mtoto alipewa jina la mzee, bibi yake alimwita "tata", yaani baba, kwa heshima zote, huku akimsugua masikio.

"Muteba, tata yangu, weye ulitoka Kasai na miguu! Kabamba alikungojea mu njia na jembe. Ulimunyanganya jembe, ukamuvunja taya. Kabamba akakimbia! Mpaka leo?"

"Anakimbia!" mtoto alipaswa kuitikia, na wote waliokuwepo waliitikia naye, na kicheko kikapigwa. Wanaukoo hao walilicheka taya la Kabamba Krismasi zote, ubatizo wote, matanga yote. Ndaya alicheka kwa midomo tu. Yeye alikuwa mtu wa kaskazini ya Katanga, wa upande wa Malemba, na baba yake aliitwa Kabamba. Huko kwao akina Kabamba ni wengi, hakuna udugu wowote na yule wa kwenye kasala, lakini Mama Mbelu alipenda sana kumtazama mkamwana wake alipofika penye taya.

Basi Ndaya akamwendea mama mkwe, aliyekuwa akichambua sombe, majani ya mihogo, uani. "Mama, mu saloni kuko mutu anaitikaka. Ninaita mutoto, mutu mwingine anaitika."

Mama Mbelu hakuinua macho. "Anasema eyo?"

Ndaya alikuwa hajasema neno lililoitikwa.

"Mama unajua namna gani?"

"Najua nini?" Majani yakaanza kuchambuliwa kwa kasi. "Ni Mwenze. Ule mwizi anachimba chini yetu. Wende umuulize, ni mutu wa kwenu."

Siri ya mtungi iulize kata. Ndaya alitoka akiwa na mashaka mawili badala ya moja: kwa jirani, na kwa mama aliyemwacha uani na kapu la sombe.

Jirani Mwenze alikuwa mchimbaji, na kweli alitoka Malemba. Shimo lake lilikuwa chumbani kwake, penye kitanda zamani. Hakukasirika alipoulizwa. Alimkalisha Ndaya, akamfungia mlango mkewe Henriette asisikie, akasema kwa sauti ya chini, kama kwa dada mkubwa:

"Yaya, mi nilisimamisha kazi ule upande wenu. Bakijana bangu banakimbia. Balikuwa banapiga ukuta, na ku ngambo kitu kinapiga tena. Tukawaza ni bachimbaji bengine. Nikaita mi mwenyewe: nani kule? Kikasema eyo." Akajipangusa uso. "Yaya, kule hakuna shimo. Nilienda, nikapima. Kule ni chini ya saloni yenu na udongo haijaguswa. Nilifunga na mifuko ya muchanga."

"Juu ya nini haukutuambia?"

"Niseme nini? Mama mukwe wako atasema mi ni mwizi."

Na kweli, ndivyo Mama Mbelu alivyokuwa amesema.

Tangu hapo mambo yakamgeukia mtoto. Kila alipoitwa jina lake, sakafu ilimtangulia kuitika, na sakafu ikiisha kuitika mtoto alifunga mdomo, kama mwanafunzi aliyenyang'anywa jibu. Akaacha kukimbilia malori. Akaacha kudai muwa. Alikonda shingo, na miguu yake ilikuwa baridi hata juani. Hospitali walimpima damu, wakatafuta malaria na kila kitu wanachokitafuta, wakasema mtoto ni mzima, ale vizuri. Adhuhuri moja Ndaya alimkuta kwenye kona ya kabati, amelala kifudifudi, sikio kwenye saruji.

"Unasikia nini, mwanangu?" Hakulitaja jina. Alikuwa ameanza kuliogopa.

"Tata anasema jina ni yake."

"Tata gani?"

"Wa chini. Anasema nimurudishie."

Ndaya alimnyanyua akambana kifuani, na akahisi jinsi alivyokuwa mwepesi. "Ukimurudishia, weye utabaki na nini?"

Mtoto aliwaza. "Sijue," akasema, na akajaribu kuteleza ashuke.

Siku hiyo Ndaya aliogopa kama hajawahi kuogopa maishani. Alimsihi mama mkwe waache kulitamka jina, hata kwa wiki moja tu. Mama Mbelu akamjibu kwamba jina la mwanaume wa vile haliachwi kwa sababu ya homa, na alasiri hiyohiyo akamwogesha mtoto kwa kasala nzima mpaka kwenye "anakimbia", isipokuwa mtoto hakuitikia, na aliyeitikia alifanya maji ya beseni yatetemeke. Ndaya alimwona mama mkwe akiyatazama maji yale. Hakushangaa, mama yule. Aliogopa, ndiyo, midomo ilimcheza, lakini ulikuwa woga wa mtu anayemwona mgeni aliyejua kwamba atakuja.

Ndipo akaletwa Mama Fidélie. Huyu asubuhi aliuza samaki sokoni na alasiri alifukuza pepo, na katika kazi zote mbili alisifika kwa kutopunja. Alikuja na wanawake wenzake wa kikundi cha maombi, vitambaa vyeupe vichwani, wakapanga viti saloni, wakamweka mtoto katikati kwenye mkeka.

"Ni muzimu wa nani?" akauliza.

"Wa Kabamba," Mama Mbelu akasema haraka. "Adui ya baba mukwe wangu. Anafwata damu yake." Akamgeukia Ndaya mbele ya wote. "Muulize huyu, baba yake anaitwa nani. Tangu aingie mu nyumba hii, tulipata lini amani?"

Wanawake wakamtazama Ndaya. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, na chini ya aibu hasira, lakini mtoto alikuwa pale kwenye mkeka akipumua kwa shida, basi akapiga magoti na wao.

Waliomba kwa nguvu. Walimwamuru Kabamba atoke, kwa jina la Yesu, kwa damu, kwa moto. Kabamba, toka! Kabamba, rudi kwenu! Sakafu ilinyamaza kabisa, kimya cha mtu aliyeketi kibarazani akisikia mwingine anaitwa. Wakaomba hadi sauti zikakauka. Mtoto hakutikisika. Mwisho Mama Mbelu hakuvumilia; akasimama, akafunga kitenge upya kiunoni, akatupa mikono juu na kuanza kasala, akimwita mzee mwenyewe aje aitetee nyumba yake, Muteba tata yangu, weye wa Kasai, weye mwenye mukono nguvu, simama, kuya, tunakuita, na kabla Mama Fidélie hajamshika mkono, sakafu ikaitika, siyo kwa kona ya kabati tena bali kwa saloni nzima, chini ya viti, chini ya magoti ya wanawake, "Eyo," na tena "Eyo," ikisogea, ikikaribia, na saruji ikapasuka ufa mwembamba kutoka ukutani mpaka kwenye mkeka, harufu ya udongo mbichi ikawajaa puani na kooni hata wengine wakatapika, na mtoto akafungua mdomo wake mdogo kama anayetaka kulia na hakuna sauti iliyotoka, hakuna hata pumzi, mpaka Ndaya alipomnyakua na kumkimbiza nje kwenye jua, ndipo akakohoa.

Mama Fidélie alitoka wa mwisho. Alikuwa akitetemeka, na hakuona haya kuonekana akitetemeka.

"Mama Mbelu," akasema, "tunafukuza mutu mwenye haiko, tunaita mwenye iko. Umesikia mwenyewe ni jina gani iliitika. Weye unajua kitu. Mi sitarudia hapa mpaka utasema kweli. Maombi haisaidie buongo."

"Nitasema nini? Niko mujane tu."

"Sema kile Mungu anajua," akajibu Mama Fidélie, akaokota Biblia yake na kwenda.

Glodi alirudi Jumamosi kutoka Nzilo, alikofanya kazi ya umeme kwenye bwawa. Alikuta mama yake ameshamwandalia maneno: Ndaya arudi kwao kwa muda, mtoto abaki, kwa sababu mtoto ni wa ukoo na ukoo ndio utakaomponya. Glodi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtoto wa mwisho wa mama mkali, na hilo ndilo lilikuwa gonjwa lake pekee.

"Wende kidogo tu, Ndaya," akanong'ona uani, macho yakitazama ndala zake. "Mama akitulia nitakuya kukurudisha."

"Na mutoto?"

"Mutoto atabaki na mama."

Sauti ya chini ya sakafu haikuwahi kumuuma Ndaya kama maneno hayo. "Glodi, mukiniondosha mi, mutoto anakufa. Ule wa chini hanitafute mi. Mama yako anamujua, anamuficha. Mutu haweke saruji mbili juu ya udongo ya bure."

"Usimuseme mama vile."

"Basi nitauliza udongo yenyewe."

Asubuhi ya Jumapili, watu wakiwa wanatoka misa ya kwanza, Ndaya alikwenda kwa Mwenze akaazima sururu. Alimwachia Henriette mtoto. Akarudi, akasukuma kabati pembeni mpaka vikombe vikaanguka, akakunja kitenge katikati ya mapaja na kupiga penye ufa. Pigo la kwanza lilimrudishia mtetemo hadi kwenye meno. La pili likameza ncha. Kutoka chini, taratibu, kwa uvumilivu, kitu kikapiga nacho, na Ndaya huku akilia kwa woga akainua sururu tena, kwa kuwa alikuwa amemwona mwanawe asubuhi ile akishindwa kukumbuka namna ya kulia.

Mama Mbelu aliingia mbio na nguo za kanisani. Hakumrukia Ndaya. Alijitupa chini, kifua juu ya ufa, mikono ameitandaza, kilemba kimemtoka.

"Usichimbe! Nakuomba, mwanangu, usichimbe! Hapa ndo alimulalisha!"

Sururu ikabaki hewani. Glodi alikuwa mlangoni.

"Nani, mama?" akauliza. "Nani alimulalisha nani?"

Mama yake aliponyanyua shavu kutoka kwenye saruji alikuwa amezeeka. Alisema akimtazama Ndaya, siyo mwanawe.

"Mushiya, mama mukwe wangu, aliniambia wakati alikuwa anakufa. Alinishika hapa," akaonyesha mkono, "mpaka makucha ikaingia. Akasema, usiache bachimbe mu saloni. Muteba iko mule."

"Muteba alizikwa na Kanisa," Glodi akasema. "Batu bote balikuya. Nilimuona mu sanduku."

"Ule hakuwa Muteba. Muteba ndo huyu." Akaipigapiga sakafu kwa kiganja, polepole, kama anavyopigwa mtoto mgongoni. "Ule wa sanduku, baba ya baba yako, alikuwa Kabamba."

Na akaeleza. Wanaume wawili walitoka Kisenge kwa miguu, wakifuata reli, na Mushiya nyuma yao na mzigo kichwani. Muteba alikuwa ameahidiwa kazi Kolwezi, na Mushiya alikuwa mkewe. Kabamba hakuwa na kazi wala mke, na walikuwa wameshapigana mara nyingi kule migodini kwa sababu ya mwanamke huyo. Hapa, palipokuwa bado pori, Muteba aliinama kunywa maji. Jembe lilikuwa la Kabamba kweli, kama kasala isemavyo, ila hakuna aliyemnyang'anya. Taya lililovunjika lilikuwa la Muteba. Kabamba alimzika, akaukanyaga udongo, na kesho yake akafika kazini akasema mimi ni Muteba, na Mushiya akiwa pembeni yake. Nani angebisha, mke mwenyewe akimwita kwa jina hilo?

"Aliogopa," Mama Mbelu akasema. "Kisha akazaa. Mwanamuke akizaa, atasema nini? Na ule mwanaume, wakati bakikata hizi parseli za kujenga, aliomba hii hii. Akajenga saloni juu yake. Mwaka ya matata, wakati batu ya Kasai banafukuzwa Katanga na kupakiwa mu treni, hakutoka. Kila Krismasi anasimama pale, anaimba kasala ya mutu mwenye aliua, na siye tunacheka."

"Na mi?" Ndaya akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kila siku ulinitupia jina ya Kabamba ku uso. Ulitaka kuniondosha mu nyumba yangu. Na weye uliolewa na mutoto wake."

Mama Mbelu alilia hapo, kilio kibaya cha mtu asiyezoea. "Jina ndo nyumba, Ndaya. Kama naiondosha, batoto bangu balale wapi? Niliwaza, kama makosa iko na mutu, heri ikuwe na mugeni."

Ndaya alitaka kumchukia, na kwa sehemu alimchukia. Lakini chini yao, kwenye ufa, ile sauti ikasema "Eyo," kwa mara ya kwanza bila nguvu, kama mtu aliyechoka kubisha hodi na sasa amesikia kitasa. Glodi akaja akachukua sururu mikononi mwa mkewe. Hakusema samahani. Alichimba mpaka viganja vikachubuka, na hakumwacha mtu mwingine amsaidie.

Walimpata si mbali sana, amekunjwa upande mmoja, taya limeachana na fuvu. Mkuu wa mtaa akaitwa, polisi wakaja wakatazama, wakasema mifupa ya zamani hivi haina kesi ya kumpeleka mtu. Mama Fidélie alirudi bila kuitwa mara mbili. Walimfunga marehemu kwenye shuka jeupe, wakampeleka makaburini na msalaba wenye jina lake, na nusu ya mtaa ikafuata kwa miguu, wengine kwa huruma, wengine kwa umbeya, kama ilivyo kawaida.

Pale kaburini Mama Mbelu alipaswa kusema. Hakuna aliyemlazimisha, alijua tu, kama wote walivyojua, kwamba aliyeitwa kwa kicheko miaka yote hawezi kuondoka kwa kunong'onezwa. Akafungua mikono. Aliitongoa kasala upya, kila kitu mahali pake. Muteba, mwana wa Kasai, uliyeinama kunywa maji. Tulikuita tukicheka taya lako. Tulikula kazi yako, tukalala na mke wako, tukampa mtoto jina lako bila kukuomba. Chukua jina lako. Aliyekuua ni Kabamba. Kabamba, baba wa Tshilombo. Kabamba, babu wa Glodi. Kabamba, mwenye nyumba yetu. Aliita jina hilo mbele za watu kwa sauti yake yote, jina ambalo kwa miaka yote hiyo hakuna aliyemwita nalo mwenye jina, na alipomaliza Ndaya akamdaka kabla hajaanguka. Walishikana hivyo mpaka kaburi likafunikwa.

Walirudi jua likiwa bado juu. Saloni ilinuka saruji na jasho tu. Ndaya alisimama kwenye ukingo wa shimo, akakaza moyo, akaita chini, "Muteba?" Kimya. Akaita tena. Kimya safi, cha shimo tupu. Akakaa chini akacheka na kulia pamoja, na Glodi akamshika bega, na safari hii alimtazama machoni alipoomba msamaha.

Henriette alikuja na habari njema juu ya njema: mtoto ameamka, amekula bukari sahani mbili, amedai muwa, ametoroka kwenda kucheza. Wangemwita nani sasa? Ndaya alikuwa ameshachagua njiani. Gael. Jina jipya, lisilo na mzee yeyote nyuma yake. Mama Mbelu, mwenye kupenda majina ya ukoo, akakubali kwa kichwa. Wakatoka uani, wakawapa watu maji, wakasimulia, wakashukuru.

Ndaya aliporudi ndani kuchukua vikombe, mtoto alikuwa saloni. Alikuwa ameingia shimoni, shavu limejaa afya, na anashusha udongo kwa viganja kutoka ukingoni.

"Gael," Ndaya akamwita, akitabasamu. Mtoto hakugeuka. Akajicheka, mtoto angelijuaje? "Mwanangu, toka mule, utachafuka."

Hakugeuka. Alikuwa na kazi. Alijaza udongo, akausawazisha, kisha akasimama na kuanza kuukanyaga kwa kisigino cha kulia, akizunguka polepole, mikono nyuma ya mgongo, akisukuma kila bonge mahali pake.

Nyuma ya Ndaya kikombe kilianguka. Mama Mbelu alikuwa mlangoni. Aliishi na baba mkwe wake miaka mingi kabla mzee hajafa. Alimwona akikanyaga hivyo matuta ya mihogo, kila masika, mikono nyuma. Midomo yake ilijaribu kukataa, lakini jina lilikuwa limeshafunguliwa mchana ule na halikuweza kurudi.

"Kabamba?" akasema, polepole sana.

Mtoto aligeuka papo hapo, uso umemng'aa, kama mtu aliyengoja muda mrefu sana kuitwa.

"Juu ya nini mulimuondosha?" akauliza. "Mi nilimuzikaka muzuri."